Amplifaya ya besi kwa shughuli ndogo: spika kwanza, wati baadaye

Mpiga besi wa Lamu hana buti ya gari. Amplifaya yake ikitoka Mkomani kwenda Langoni hubebwa mkononi, hulipiwa hamali wa mkokoteni au hupakiwa juu ya punda. Ikienda Shela au ng'ambo Mokowe hushushwa gatini ikapanda boti, na mwenye nayo huomba bahari isirushe maji. Mwenzake wa Malindi ana afadhali ya tuktuk, lakini tuktuk ikishapakia gitaa, begi la nyaya na mtu wa kinanda, kinachobaki lazima kikae mapajani. Hata hivyo, vijana wanaotafuta amplifaya ya harusi za nyumbani, mazoezi na kupiga jioni hotelini huanza wote na swali moja: ina wati ngapi?

Swali hilo limewapeleka wengi kununua mzigo mzito usiowafaa, au mzigo mwepesi wenye namba kubwa na sauti ndogo. Wati zimo katika hesabu, sikatai. Ila kati ya mambo yanayoamua kama besi itasikika, zenyewe ndizo zenye nguvu ndogo kuliko yote, na ni vyema kuelewa kwa nini kabla hujatoa pesa.

Sikio halihesabu wati kama duka linavyozihesabu. Ukiongeza wati maradufu, tuseme kutoka 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Anayesikiliza kwa makini atatambua. Aliyekaa jamvini anakula biriani hatatambua kitu. Ili watu waseme kwamba besi imekuwa kubwa mara mbili ya ilivyokuwa, zinatakiwa kama desibeli 10, na desibeli 10 zinadai wati mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 400, ikiwa na spika ile ile, ni kubwa kama mara mbili tu masikioni kuliko ya wati 40. Bei yake na uzito wake je?

Halafu kuna wati za uongo. Kwenye spika nyingi za magurudumu zinazouzwa madukani pwani nzima utasoma maelfu ya wati, na pembeni herufi nne: PMPO. Hicho si kipimo kinachokubalika popote. Mtengenezaji huchukua kilele cha kufumba na kufumbua, akakizidisha na kukijumlisha anavyopenda. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Usipoiona, geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinachosema kinavuta wati ngapi za stima. Kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, hata kikiandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Kazi yenyewe inafanywa na spika. Uzi mnene wa E, ukiupiga bila kuubana, hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake angani lina urefu wa mita 8 na ushei. Mwenye besi ya nyuzi tano anashuka na uzi wa B hadi mitetemo 31. Kusukuma hewa taratibu namna hiyo kunataka koni (ule uso wa spika unaotikisika) pana, au koni inayosogea mbele na nyuma kwa mwendo mrefu, au vyote viwili. Tena kila unaposhuka oktava moja, yaani mitetemo ikipungua nusu, bila kupunguza sauti, koni lazima isogee mara 4 zaidi. Ndiyo maana spika ndogo hupiga vizuri ukiwa juu kwenye uzi wa G, kisha ukirudi kwenye E inaanza kukoroma. Koni ya inchi 8 ina eneo la takriban sentimita za mraba 210, ya inchi 10 kama 350, ya inchi 12 kama 530, na ya inchi 15 kama 850. Kutoka inchi 8 hadi 10 inaonekana hatua ndogo dukani, kumbe eneo limeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kuna na kipimo ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kusikilizwa kutoka mita 1. Moja inaweza kutoa 91, nyingine ya ukubwa ule ule ikatoa 97. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara 4. Amplifaya ya wati 100 yenye spika nzuri inaisawazisha ya wati 400 yenye spika mbovu, na mgongo wako unashukuru.

Mbona basi hawatengenezi kisanduku kidogo chenye kila kitu? Josef Anton Hofmann, mhandisi wa Marekani ambaye jina lake ndilo H ya kampuni ya spika ya KLH, ndiye anayehusishwa na kanuni inayojibu swali hilo. Kuna kisanduku kidogo, kuna besi ya chini kabisa, na kuna sauti kubwa kwa wati chache. Utapata viwili kati ya hivyo. Cha tatu utakikosa, uwe na pesa usiwe nazo. Historia ya amplifaya za besi inaonyesha watu walivyochagua. Ampeg walitoa B-15 mwaka 1960: wati 25 tu, spika moja ya inchi 15, na mpaka leo wapigaji wa studio wanaililia kwa utamu wake. Mwaka 1969 kampuni hiyo hiyo ikatoa SVT ya wati 300 kwa ajili ya majukwaa makubwa ya roki, pamoja na makabati mazito ya spika nane za inchi 10. Hebu litie mawazoni kabati kama hilo likipandishwa ngazi za nyumba ya Lamu.

Kinachotuokoa leo ni mabadiliko mawili. La kwanza ni saketi za daraja D, ambazo huwasha na kuzima transista kwa kasi kubwa badala ya kuziacha nusu wazi. Karibu asilimia 90 ya umeme unaoingia hufika kwenye spika, joto linapungua, na vile vyuma vikubwa vya kupoza joto havihitajiki tena. La pili ni sumaku za neodimiamu, zinazofanya kazi ya sumaku nzito za feriti kwa sehemu ndogo ya uzito wake. Amplifaya yenye vyote viwili utaibeba kwa mkono mmoja. Yenye saketi ya daraja D na sumaku ya feriti inakuwa nzito kidogo na ya bei nafuu zaidi, na kwa kazi zetu nyingi inatosha.

Katika kanuni ya Hofmann, mimi namshauri mtu aachie besi ya chini kabisa. Wengi hushtuka wakisikia hivyo, maana besi si ndiyo chini yenyewe? Lakini noti ya E haina mtetemo wa 41 peke yake. Imebeba pia 82, 123, 165 na kuendelea, na katika spika nyingi ndogo hizo ndizo zinazosikika kwa nguvu. Sikio likizipata, linajaza lenyewe ile ya chini iliyokosekana. Msikilizaji anasikia E na anaridhika. Tena ukiikata kwa makusudi mitetemo iliyo chini ya 40 au 50, kwa kichujio kilichomo kwenye baadhi ya amplifaya au kwenye kipedali cha pembeni, koni haipotezi mwendo kwa sauti isiyoweza kuitoa. Inabaki na nguvu kwa ile inayoiweza. Besi inakuwa safi zaidi na kubwa zaidi baada ya kuondolewa kitu. Wanaofungua nobu ya besi mpaka mwisho kwenye spika ya inchi 8 wanafanya kinyume cha wanachokitaka.

Sasa tuingie nyumbani, maana hapa ndipo vitabu vya ng'ambo vinapotuacha. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari lake limeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba: mkoko haukupi nguzo ndefu ya kubeba dari zito, kwa hiyo vyumba vinakuwa virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa mpiga besi huo ni mtego. Sauti katika hewa yetu ya joto husafiri kama mita 350 kwa sekunde. Katika chumba cha upana wa mita 2.8, wimbi lenye urefu wa mita 5.6 linaenea nusu yake sawasawa kati ya kuta mbili ndefu, linagonga ukuta na kurudi likijikuta lenyewe. Wimbi hilo ni la mitetemo 62 hivi kwa sekunde. Shika gitaa: ni ile B ya freti ya pili kwenye uzi wa A. Noti zote zitapita kwa adabu, ukifika hapo nyumba nzima inavuma.

Kuvuma huko hakulingani kila mahali. Kando ya kuta ndefu ndiko kuliko na nguvu. Katikati ya upana ni dhaifu. Hivyo mzee aliyeegemea ukuta analalamika kwamba besi inampiga kifuani, na aliyekaa katikati ya mkeka anasema haisikii, na wote wawili wanasema kweli. Mpigaji akiongeza sauti anamuumiza mmoja, akipunguza anamkosesha mwingine. Dawa ni mahali pa kuweka amplifaya. Iweke katikati ya upana, usiisukume kwenye kona, maana sakafu na ukuta vikikutana huongeza besi ya chini kwa desibeli kadhaa bila kukuuliza. Iinue juu ya kiti imara. Kama ina nobu ya kuchagua eneo la sauti na kulipunguza, tafuta ile noti inayovuma kwa kuipiga peke yake, kisha ipunguze hiyo tu, noti nyingine uziache. Kuta za mawe hazinyonyi besi hata kidogo, kwa hiyo chumbani humo wati 40 na spika ya inchi 10 ni nyingi tayari.

Toka nje hadi kwenye kiwanda cha nyumba, yaani ua wake wa ndani, pale uwazi unapoanza, na mambo yanabadilika mara moja: sauti inapanda juu na kuondoka. Nenda uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, au ufukweni Malindi chini ya paa la makuti lisilo na kuta, na hakuna tena kinachoirudisha. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, desibeli 6 zinapotea. Aliyekaa mita 16 anasikia desibeli 24 chini ya aliyekaa mita 1 mbele yako. Hapo hakuna amplifaya ya kubeba begani itakayoshinda, na kuilazimisha ni kuichana koni. Hiyo ni kazi ya mitambo ya shughuli yenyewe, na amplifaya yako inabaki na kazi moja: wewe na mpiga ngoma msikie besi ili mshikane.

Ndiyo maana tundu la DI kwangu lina thamani kuliko wati 200 za ziada. Ni lile tundu la pini tatu, aina ya XLR, linalopeleka sauti ya besi kwenye mikisa kwa waya mrefu bila kuvuta mivumo. Angalia kama pembeni yake kuna swichi ya kuchagua sauti itoke kabla au baada ya nobu zako. Chagua kabla, hapo ukijirekebishia sauti jukwaani hutamvurugia fundi wa mitambo kazi yake. Swichi nyingine muhimu ni ya kutenganisha ardhi, maana mara nyingi mitambo inachukua stima upande mmoja na wewe upande mwingine, na waya unaowaunganisha unaleta mngurumo wa chini usiokoma. Ukiibonyeza mngurumo unakatika. Usithubutu kuutafutia dawa kwa kung'oa waya wa ardhi kwenye plagi: huo ndio unaokulinda usipigwe na stima huku umeshika nyuzi za chuma.

Vifaa vya bei ya chini hukosa tundu hilo mara nyingi. Mfano katika familia ya Rumble ya Fender: ile ya wati 25 yenye spika ya inchi 8 imekusudiwa chumbani na haina XLR, ya wati 40 yenye inchi 10 inayo, na ya wati 100 yenye inchi 12 inayo pia, huku ikiwa na uzito wa kama kilo 10. Kati ya hizo, mtu akitaka amplifaya moja ya kumfikisha mazoezini, harusini na hotelini, ningemwelekeza kwenye ya inchi 10 kama hana mpiga ngoma mzito, na ya inchi 12 kama anaye. Kampuni nyingine zina za daraja hilo hilo. Kigezo ni spika, tundu na uzito.

Suala la stima lina sehemu mbili. Kenya tunatumia volti 240. Ndugu aliye Marekani akikuletea amplifaya, soma nyuma yake kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 100 hadi 240, badilisha plagi tu. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, inataka transfoma ya kushusha, ambayo ni kilo nyingine za kubeba na huua maana ya kununua kitu chepesi. Pia stima ikikatika katikati ya shughuli, chomoa. Ikirudi huja na mshtuko, na kile kifaa kidogo cha kulinda friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kinailinda amplifaya vilevile.

Kwa kupiga barazani au mchangani pasipo na stima, wengi huchomeka besi kwenye spika ya betri ya bluutuu na kushangaa inasikika kama imefunikwa blanketi. Sababu inajulikana. Besi isiyo na betri ndani yake inataka kupokelewa na tundu lenye ukinzani wa kama ohmu milioni 1, na tundu la laini kwenye spika hizo huwa na elfu kumi tu hivi. Linainyonya sauti ya juu kabla haijakuzwa. Weka kati yao kipedali chenye bafa (saketi inayopokea besi bila kuinyonya), au kisanduku cha DI kinachotumia betri, na utasikia gitaa likifunguka. Bluutuu yenyewe usiitumie kupitishia besi: inachelewesha sauti kiasi cha kukutoa kwenye mdundo. Anayetaka kuendesha amplifaya ya kawaida kwa betri na inveta apige hesabu kwanza. Betri ya volti 12 yenye saa-ampia 7 ina wati-saa 84, na ya asidi hupaswi kuinywa zaidi ya nusu. Amplifaya ikivuta wastani wa wati 20 unapata saa mbili hivi, kabla ya kuondoa zinazopotelea kwenye inveta. Chagua inveta ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi huingiza mlio wa nyuki kwenye spika.

Bahari nayo inakula. Chumvi hutanda kwenye matundu ya jeki, ikapata unyevu wa usiku, na baada ya muda nobu zinakwaruza na sauti inakatika ukigusa waya. Usiiache amplifaya dirishani upande wa upepo. Ivishe kitambaa kinachopumua, futa jeki kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na mara mojamoja nyunyiza dawa ya kusafishia viunganishi, ile isiyoacha mafuta. Kwenye boti ifunge kwa turubai hata kama maji yametulia, na uiweke juu ya ubao, si kwenye sakafu ya boti panapokusanyika maji. Wavu wa chuma ukianza kutu ni alama ya kuangalia na ndani.

Neno moja kuhusu mji. Ndani ya mji wa kale misikiti iko kila mtaa, na mkusanyiko wowote unanyamaza adhana ikiingia. Amplifaya ndogo iliyowekwa vizuri inakuwezesha kupiga hadi usiku bila jirani kutuma mtoto, na kwa hilo peke yake ningeikubali hata kama kubwa ingebebeka.

Ukienda kununua, na hasa ikiwa ya mkono wa pili, nenda na gitaa lako na waya wako. Piga E taratibu, iache ilie mpaka ife, na usikilize kama kuna kitu kinachotikisika ndani ya kisanduku. Kisha ipige kwa nguvu ya harusi, si ya dukani. Zungusha kila nobu kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mikwaruzo. Zima, weka vidole pembeni mwa kitovu cha koni pande mbili, uisukume ndani polepole kwa usawa. Ukihisi inakwangua, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeshaungua au imepinda, na bei haijalishi tena. Ikiwa na tundu la spika ya nje, uliza ni ohmu ngapi inazozikubali, kwa sababu kuongeza kabati lisilofaa kunaichoma saketi. Mwisho muombe muuzaji akuunganishie DI kwenye mikisa yoyote iliyopo. Akisema hana mikisa, mwambie utarudi na ya kwako, maana tundu hilo likiwa bovu hutaligundua mpaka siku umesimama mbele ya bibi harusi na fundi wa mitambo anakuashiria kwamba hapokei kitu.